Usikae Mbali na Mtoto

(Mazungumzo ya ibada yaliyosomwa katika redio. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji waliotuandikia wakiyaomba.)

Leo nataka tuzungumze habari za watoto wachanga sana, wale waliozaliwa kabla ya siku zao kutimia, na wale waliozaliwa kwa wakati wao lakini wakazaliwa wagonjwa. Tena tuzungumze habari zetu sisi, tunaobaki nje ya mlango wa chumba chao.

Unamkumbuka Hajiri, yule mjakazi aliyefukuzwa nyumbani kwa Ibrahimu pamoja na mwanawe. Maji yalipowaishia kule jangwani, alimlaza mtoto chini ya kichaka, kisha akaondoka akaketi mbali, mahali ambapo asingemwona vizuri. Hakwenda mbali kwa sababu hakumpenda. Alikwenda mbali kwa sababu hakuweza kuvumilia kumtazama akifa. Nimehubiri habari hiyo mara nyingi, na kila mara nilikimbilia kile kisima cha maji alichoonyeshwa. Kwa miaka mingi sikuona kwamba liko neno lililotangulia kisima. Aliambiwa kwanza ainuke, arudi, amshike mtoto. Kisima alikiona baadaye.

Sasa nitakueleza kwa nini sikuliona neno hilo.

Mwaka wa 1986 nilikuwa mchungaji kijana katika kanisa langu la kwanza, huko milimani kwenye majani ya chai. Walikuwako mume na mke, wote wawili walimu wa shule ya msingi. Ndoa yao niliifungisha mimi mwenyewe mwaka uliotangulia. Mimba ilipofika miezi saba mama yule alishikwa na uchungu usiku, akachukuliwa kwa gari la kubebea maziwa mpaka hospitalini, na kabla hakujapambazuka akajifungua mtoto wa kiume. Uzito wake ulikuwa gramu 1,300, yaani kupita kidogo ile pakiti ya sukari ya kilo moja.

Jumapili ile baba mtoto alinijia kabla ya ibada akaniuliza kama nitatangaza. Katika kanisa letu mtoto akizaliwa hutangazwa, watu hupiga makofi, na akina mama huweka siku ya kwenda kumwona mzazi wakiwa wamebeba uji, ndizi na nguo za mtoto. Nikafikiri kidogo, kisha nikamwambia, "Mwalimu, tungoje kwanza tuone." Nilidhani nimesema maneno ya hekima. Nilitaka kuwaepusha na uchungu wa kupongezwa leo na kupewa pole kesho. Naye aliitikia kwa kichwa, akaenda akaketi katika benchi la nyuma kabisa.

Basi tukangoja. Akina mama hawakwenda kwa kuwa hakuna aliyetangaza. Mimi sikwenda kwa kuwa nilikuwa nangoja. Katika hospitali ile desturi ya siku hizo ilikuwa mama asiingie chumba cha watoto wadogo. Alikamua maziwa yake katika kikombe, akampa muuguzi mlangoni, kisha akamtazama mtoto wake kwa dirisha. Alimtazama hivyo siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili akaambiwa mtoto amekufa. Mume wake na ndugu mmoja walimzika jioni ile ile, nami nilipata habari siku mbili baadaye kutoka kwa mtu aliyekuwa akiniuzia makaa. Mama yule aliporudi kanisani nilimsalimu mlangoni kama ninavyowasalimu wote. Nikamwuliza habari ya shule.

Nitarudi kwa mama huyu. Lakini kwanza nataka uingie pamoja nami katika chumba kile ambacho yeye hakuingia. Siku hizi mama hufunguliwa mlango, na wengi wetu twaogopa bure kwa kuwa hatujui mnatendeka nini ndani.

Mtoto hukaa tumboni majuma arobaini hivi. Akizaliwa kabla ya majuma 37 kutimia, huhesabiwa kuwa amezaliwa kabla ya wakati, na wengine humwita mtoto njiti. Kadiri anavyotangulia ndivyo kazi inavyokuwa ngumu. Mtoto wa majuma 28 mara nyingi ana uzito wa kilo moja tu. Ngozi yake ni nyembamba hata mishipa huonekana. Hana mafuta chini ya ngozi, kwa hiyo joto humtoka upesi, na baridi yaweza kumwua ijapokuwa wewe uliyesimama karibu naye unatokwa na jasho. Ndiyo sababu huwekwa katika kile kisanduku cha kioo chenye joto kiitwacho inkubeta. Hajui kunyonya, kumeza na kupumua kwa pamoja, maana ustadi huo huja kwenye majuma 34 hivi. Kwa hiyo hulishwa kwa mrija mwembamba upitao puani au mdomoni mpaka tumboni, mililita mbili kwanza, ambazo hazifiki nusu ya kijiko cha chai.

Na pengine husahau kupumua. Naam, husahau, kwa kuwa sehemu ya ubongo inayoamrisha pumzi haijakomaa. Hupumua, hupumua, kisha hunyamaza, na muuguzi humsugua unyayo kumkumbusha. Dawa moja wapewayo kwa shida hiyo ni kafeini, ile ile iliyomo katika kahawa yetu ya Nyeri na Kisii. Nilipoambiwa hivyo nilicheka, nikamwuliza sista kama wakulima wetu wana habari.

Lakini vita vikubwa zaidi vimo katika mapafu. Ndani ya mapafu mna vifuko vidogo sana vya hewa, na vifuko hivyo visingekaa wazi kama visingepakwa majimaji fulani laini, yanayofanya kazi mfano wa sabuni. Mtoto aliyetangulia sana hana majimaji hayo ya kutosha. Kila akitoa pumzi vifuko hujifunga, na pumzi inayofuata ni lazima avifungue tena kwa nguvu zake zote. Utaona mbavu zikizama ndani na pua zikitanuka, nawe utamsikia akiguna kila mara. Mwishowe huchoka. Daktari Mary Ellen Avery wa Marekani pamoja na mwenzake Jere Mead ndio walioonyesha, mwaka wa 1959, kwamba chanzo cha shida hii ni kupungukiwa na majimaji yale.

Kujua chanzo si kupata dawa. Tarehe 7 Agosti 1963 mke wa Rais John Kennedy alijifungua mtoto wa kiume, wakamwita Patrick, majuma matano na nusu kabla ya wakati. Uzito wake ulikuwa kama kilo mbili na gramu mia moja. Baba yake alikuwa na uwezo kuliko karibu watu wote duniani. Mtoto akapelekwa Boston kwa matabibu hodari, wakamtia hata katika chumba cha chuma chenye hewa iliyoshindiliwa. Alikufa tarehe 9, kwa ugonjwa huo huo wa mapafu. Leo mtoto wa uzito ule, akiwa mahali penye vyombo na wauguzi waliofundishwa, kwa kawaida hupona. Mtoto wa mchuma chai hupona mahali ambapo mtoto wa rais hakuweza kupona.

Mambo hayo yalipatikana hatua kwa hatua. Mwaka wa 1972 matabibu wawili wa Auckland, New Zealand, ndio Graham Liggins na Ross Howie, waliandika kwamba mama aliye karibu kuzaa mapema akidungwa sindano fulani, mapafu ya mtoto hukomaa haraka zaidi. Liggins aliianza safari hiyo kwa kuchunguza kondoo. Kwa sababu hiyo nawaambia akina mama, na hasa waume zao: uchungu ukianza wakati miezi ingali michache, msingoje kupambazuke. Nendeni hospitalini usiku ule ule, maana sindano hiyo yataka muda wa saa nyingi kabla mtoto hajatoka. Kisha mwaka wa 1980 Daktari Tetsuro Fujiwara wa Japani alieleza jinsi alivyotia majimaji yaliyotengenezwa kutokana na mapafu ya ng'ombe katika mapafu ya watoto kumi. Dawa za namna hiyo zinatumika hata leo, ingawa bei yake ni ya juu na hazipatikani kila mahali.

Kinachopatikana katika hospitali zetu nyingi zaidi ni chombo chepesi. Utaona mirija miwili midogo puani mwa mtoto, na mrija mwingine ambao mwisho wake umezamishwa katika chupa ya maji. Hewa ikipita hutoa mapovu. Kina cha mrija ndani ya maji, sentimeta tano au sita, ndicho kipimo cha nguvu ya hewa inayobaki kifuani ili vifuko visijifunge. Basi ukisikia maji yakibubujika katika chumba kile, usiogope. Hiyo ni sauti njema. Sauti hiyo ikikatika ndipo sista anapogeuka upesi.

Neno moja zaidi juu ya hewa, kwa sababu nimewaona ndugu wa mgonjwa wakigombana na wauguzi. Wanaona oksijeni ikipunguzwa, nao hulia kwamba mtoto ananyimwa. Sikiliza. Katika miaka ya 1940 na mwanzo wa 1950 hospitali tajiri za Marekani na Ulaya ziliwapa watoto hawa oksijeni nyingi bila kipimo, kwa nia njema kabisa, na maelfu wakapofuka. Mwaka wa 1951 Daktari Kate Campbell wa Melbourne alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuonyesha kwamba oksijeni ndiyo iliyoshukiwa. Tangu hapo oksijeni hupimwa kama dawa nyingine yoyote. Kile kitaa chekundu kilichofungwa mguuni mwa mtoto ndicho kinachosoma kiasi kilichomo damuni. Sista anayepunguza hana uchoyo. Analinda macho ya mtoto wako.

Si watoto njiti peke yao waliomo mle. Wamo wakubwa waliozaliwa bila kulia, wamo walioingiwa na vijidudu katika damu, wamo ambao ngozi na macho yamekuwa manjano. Hao wa mwisho huwekwa chini ya taa za rangi ya buluu. Taa hizo zina asili nzuri. Mwaka wa 1956, katika hospitali ya Rochford huko Uingereza, muuguzi mmoja, Sista Jean Ward, alikuwa na mazoea ya kuwatoa watoto njiti bustanini wapate hewa na jua. Siku moja aliwaonyesha madaktari mtoto ambaye mwili wake umeacha umanjano isipokuwa mahali pamoja penye pembe tatu, palipofunikwa na ncha ya shuka. Miaka miwili baadaye Daktari Richard Cremer na wenzake waliandika habari za taa walizotengeneza. Lakini usije ukamwanika mtoto juani nyumbani ukidhani imetosha. Umanjano ukizidi huharibu ubongo. Mtoto akiwa manjano mpaka nyayo, au akikataa kunyonya, au akiwa baridi, au akipumua mbiombio, au akishtuka-shtuka kwa degedege, mpeleke siku ile ile.

Nimesema sana juu ya vyombo. Sasa nije kwa mama.

Mwaka wa 1978, katika mji wa Bogotá, nchi ya Kolombia, Daktari Edgar Rey alikuwa na shida ambayo kila daktari wa kwetu anaijua. Inkubeta zilikuwa chache, watoto walilazwa wawili au watatu katika moja, wakaambukizana, wakafa. Na akina mama waliokatazwa kuwagusa walizidi kuwaacha. Akaamua kuwapa mama zao. Mtoto akavuliwa nguo, akabakizwa na nepi na kofia, akawekwa wima kati ya matiti, ngozi kwa ngozi, akafungwa kwa kitambaa. Kwa sababu mnyama kangaruu hubeba mtoto wake katika mfuko tumboni, njia hiyo ikaitwa ya kangaruu. Daktari Héctor Martínez akaiendeleza pamoja naye. Wengi wa mataifa makubwa waliiona kuwa dawa ya maskini, ya kutumia mpaka inkubeta zitakapotosha.

Haikuwa hivyo. Mwaka wa 2021 yalichapishwa matokeo ya uchunguzi uliofanywa katika Ghana, India, Malawi, Nigeria na hapa jirani zetu Tanzania. Ulihusu watoto wa uzito wa kilo moja hadi chini kidogo ya kilo moja na gramu 800. Wengine walianza ngozi kwa ngozi mara tu walipozaliwa, hata kabla ya kutulia, huku wakitunzwa kwa vyombo. Wengine walingoja mpaka watulie, kama ilivyokuwa desturi. Katika kila watoto 100 wa kundi lililongoja walikufa karibu 16 katika mwezi wa kwanza. Katika kundi lililoanza mara moja walikufa 12. Uchunguzi ulisimamishwa kabla ya wakati wake, kwa kuwa haikuwa haki tena kuwangojesha wengine. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani likaagiza watoto hawa wakae ngozi kwa ngozi muda wa saa 8 hadi 24 kwa siku, waanze mapema iwezekanavyo.

Nilipousoma uchunguzi huo, neno "kungoja" lilinichoma. Ningoje nione. Ndilo neno nililomwambia mwalimu yule.

Baba naye aweza kubeba. Nimemwona kijana wa bodaboda katika wodi moja, ameketi kwenye kiti cha plastiki, shati limefunguliwa, koti lake la kazi limefunikwa juu, na kofia ndogo ya sufu ikichungulia kifuani kwake. Wenzake waliomletea chakula walisimama mlangoni wakamcheka. Akawaambia, "Chekeni polepole, amelala."

Na maziwa. Mama wa mtoto njiti hukamua kila saa tatu, usiku na mchana, hata kama mtoto anameza matone tu. Maziwa yake humkinga mtoto na ugonjwa mbaya wa matumbo unaowashambulia wadogo hawa. Katika Hospitali ya Pumwani, Nairobi, ilifunguliwa mwaka wa 2019 benki ya maziwa ya akina mama, ya kwanza katika Kenya. Mama mwenye ziada hutoa, yakapimwa na kupashwa moto wa kuua vijidudu, na mtoto ambaye mama yake hajapata akanyweshwa. Hilo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini katika hospitali nyingi hakuna benki ya namna hiyo, ila matiti ya mama mwenyewe, na matiti hayo yanataka mama aliyekula, aliyekunywa, na aliyelala walau kidogo.

Hapa ndipo kanisa linapoingia. Sisemi kanisa zima liingie chumbani. La! Mlangoni pana sinki, na kila aingiaye hunawa mpaka viwiko, akavua saa na pete, kwa kuwa vijidudu ni mwizi mkubwa katika chumba hicho. Wenye mafua wakae nyumbani, hata wakiwa wazee wa kanisa. Lakini mama hutoka nje mara kwa mara, na akitoka humkuta nani? Mwulize kama amekula. Peleka chupa ya uji. Mpe nauli dada yake aje ampokee. Ng'ombe wake anakamuliwa na nani? Watoto wake wakubwa wanalala wapi? Mtoto aweza kukaa hospitalini majuma sita au nane, na watu wengi huchoka juma la pili.

Tena tafadhali, mwache swali lile la, "Ilikuwaje?" likiulizwa kwa jicho la upande. Alibeba nini kizito? Alikosana na nani? Wanafunzi wa Yesu walipomwona mtu aliyezaliwa kipofu walitaka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, naye hakuwakubalia. Mtoto huzaliwa mapema kwa sababu ya shinikizo la damu ya mama, au malaria, au vijidudu, au kwa kuwa ni mapacha, na mara nyingi matabibu wenyewe hawaoni sababu. Mama amekwisha kujilaumu vya kutosha kabla hujafika.

Sasa narudi kwa yule mwalimu. Mungu aliwapa watoto wengine watatu. Mimi nilihamishwa, nikazunguka, na katika uzee wangu nikarudi kuishi karibu na kanisa lile lile. Mwaka wa 2019 binti yao wa mwisho alipandwa na shinikizo la damu akiwa na mimba ya majuma 30, ikawa lazima apasuliwe. Mtoto wa kike, gramu 1,200. Alikaa kwenye chombo cha mapovu siku tano. Mama yake alikuwa bado amelazwa katika wodi nyingine, hajiwezi. Sista akatoka nje akauliza, "Nani atambeba?"

Nyanya alisimama. Mimi nilikuwako, maana safari hii sikungoja. Alinawa, akavikwa gauni, akaketi, wakamwekea mtoto kifuani pamoja na mirija yake, wakamfunga kwa leso. Kwa muda mrefu hakusema kitu. Nilimwona kwa dirisha, lile lile dirisha la zamani, maana jengo halikubadilishwa. Alipotoka baada ya saa nne alikuja akaketi kando yangu kwenye benchi.

Akaniambia, "Mchungaji, yule wa kwanza sikumgusa."

Nikamwambia, "Najua, mama."

Akasema, "Alikuwa na jina. Hukuwahi kuniuliza."

Ndugu msikilizaji, miaka 33 mama huyu alikuja kanisani karibu kila Jumapili. Alifundisha watoto wetu. Alipika katika harusi zetu na katika matanga yetu. Na jina la mwanawe lilikaa kinywani mwake bila mtu wa kumwambia. Nikamwomba msamaha pale pale kwenye benchi. Nikamwuliza jina. Akanitajia. Sitalitaja redioni, kwa kuwa ni lake.

Mjukuu alirudi nyumbani baada ya majuma saba akiwa na gramu 1,900, na sasa anakwenda shule. Tulimtangaza kanisani siku ile ile aliyozaliwa, tukapiga makofi kwa mtoto aliyekuwa bado kwenye mirija, hatujui kama ataona juma la pili. Mzee mmoja alininong'oneza kwamba si busara. Nikamwambia kwamba akifa, tutakuwa angalau tumemkaribisha.

Baadaye, kwa ruhusa ya nyanya, tuliweka Jumapili moja. Tuliweka kikapu na vipande vya karatasi pale mbele, tukasema kila aliyefiwa na mtoto mchanga ambaye hatukumtangaza na ambaye hatukumwombolezea, aandike jina lake kama analo. Nilitazamia karatasi tatu au nne. Zilikuwa kumi na tisa. Mbili ziliandikwa na wanaume wazee waliotembea kwa fimbo, na mmoja wao alikuwa yule mzee aliyeninong'oneza. Karatasi moja haikuwa na jina. Iliandikwa tu, "Msichana, 1971." Tukazisoma zote kwa sauti, na hiyo pia.

Wakati wetu umekwisha. Kama yuko mama wa kanisa lenu aliyelala hospitalini usiku wa leo kwa ajili ya mtoto wa namna hii, wewe wamjua, na huenda hakuna aliyemtangaza. Saa za kuwatazama wagonjwa ni kesho mchana, na uji hupoa upesi, kwa hiyo uutie katika chupa ya chai. Kwaherini mpaka juma lijalo, Mungu akipenda.